Kamba ya manila isiyotoka Manila

Ukienda Mwaloni, pale Kirumba, kwenye maduka ya nyavu na maboya, ukasema unataka kamba, swali la kwanza utakaloulizwa ni la unene. La pili: ya katani au ya manila? Ukisema manila utapewa plastiki. Ya bluu, ya kijani au ya chungwa, inang'aa, inateleza, na fundo lake lina tabia ya kujilegeza lenyewe. Mji wa Manila upo Ufilipino, na kamba iliyoupatia mji huo umaarufu ilitengenezwa kwa abaka, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Hii ya Mwaloni haina hata unyuzi mmoja wa mgomba. Jina limebaki, kamba imeondoka.

Nimekuwa nikiliwazia jina hilo tangu rafiki yangu mmoja aliponunua katamarani kuukuu ya mashindano. Kwa ambao hawajaiona: ni mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa mabomba ya alumini, turubai la kukalia katikati, mlingoti mmoja, na tanga kubwa kuliko akili ya mwenye chombo. Tanga lilikuwa zima. Kilichokuwa kimeoza ni kamba ya kulivutia na makapi yake. Akaniuliza, wewe mwandishi unayejua kuulizauliza, nitafutie nifunge kamba gani na kapi za namna gani.

Nikaulizauliza. Nikajikuta Pangani, Portsmouth, Kageye na kwenye vita kuu ya pili ya dunia. Wadau, kamba hii moja ina mambo.

Tuanze na jina lake. Mabaharia wa pwani wanaiita demani. Ndiyo iliyofungwa kwenye pembe ya nyuma ya tanga, upande usio na upepo, na ndiyo inayoamua tanga likazwe au liachiwe. Pembe ya mbele, upande upepo unakotoka, ni ya joshi. Mabaharia wa Ghuba wanatumia maneno yanayofanana na hayo, ishara kwamba ufundi huu ulisafiri pamoja na msamiati wake. Ukivuta demani tanga linabana, chombo kinapanda kuelekea upepo. Ukiilegeza tanga linafunguka, upepo unamwagika, roho inarudi mahali pake. Nahodha anaweza kukosa vitu vingi akafika salama, lakini demani hakosi.

Huku kwetu ziwani demani ni mgeni wa juzijuzi. Vyombo vikubwa vya Nyanza, ile mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea ambayo wafalme wa Buganda waliitumia kwa vita na biashara, vilikwenda kwa kafi. Mabega ya watu, basi. Tanga lililetwa na watu wa pwani, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofuata pembe za ndovu na watumwa hadi kusini mwa ziwa. Mahali pa kuliona likiingia ni Kageye, kijiji kilichopo kwenye Ghuba ya Speke. Stanley alifika hapo tarehe 27 Februari 1875, baada ya siku zaidi ya 100 za kutembea kutoka Bagamoyo, na mashua yake Lady Alice ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, imekatwa vipande vitano. Iliundwa Teddington, Uingereza, na fundi aliyeitwa James Messenger. Tarehe 8 Machi iliingizwa majini, na kwa siku 57 ikalizunguka ziwa. Vitabu vya shule vinamtaja Stanley. Aliyeshika usukani, na kwa maana hiyo aliyejua wakati wa kuita demani ivutwe au iachiwe, alikuwa Safeni, mtu wa Zanzibar.

Hapo Kageye Stanley alimkuta mfanyabiashara wa pwani, Songoro, aliyekuwa akijenga jahazi lake Ukerewe. Hebu fikiria mradi huo kwa jicho la mtu wa kamba. Mbao unazipata kisiwani. Mafundi unaweza kuwaleta. Lakini pwani kamba ya jahazi ilikuwa ya makumbi: maganda ya nazi yanafukiwa matopeni baharini kwa miezi, yanafukuliwa yananuka vibaya kuliko ninavyoweza kueleza hapa, kisha wanawake wanayaponda na kuyasokota. Ukerewe haina minazi wala maji ya chumvi. Kila pima ya kamba ya makumbi ingebebwa na mtu kutoka baharini, kilomita zaidi ya elfu moja, akipita ardhi ya watemi ambao kila mmoja anadai hongo. La sivyo ujitafutie nyuzi za porini.

Na jahazi hilo liliua watu. Wamisionari wa CMS walifika Kageye mwanzoni mwa 1877, wakalinunua kwa Songoro. Lukonge, mfalme wa Ukerewe, alidai kwamba Songoro hajamaliza kulipia mbao. Deni likageuka ugomvi, ugomvi ukageuka mapigano, na Desemba 1877 Luteni Shergold Smith, O'Neill na Songoro mwenyewe waliuawa kisiwani. Ukisoma masimulizi ya kimisionari utaona Lukonge amechorwa kama shetani. Mimi naona mtu aliyetoa miti ya msitu wake, hajalipwa sawasawa, kisha anaona chombo kinauzwa kwa wageni wengine. Mauaji ni mauaji, siyatetei. Lakini deni lake lilikuwa deni.

Alexander Mackay, fundi mitambo wa msafara huo, alifika Kageye katikati ya 1878. Akakuta mashua ya misheni, Daisy, imechakaa, akaitengeneza na kuvuka nayo mwezi Agosti. Dhoruba ikaitupa pwani ya magharibi. Alichofanya Mackay nakipenda mno: aliikata Daisy sehemu ya katikati, akatumia mbao hizo kuziba mbele na nyuma, akapata mashua fupi zaidi lakini nzima, akafika Buganda Novemba mwaka huohuo. Wale wanaosema mafundi wetu wa gereji wamezidi kwa kuchakachua, wamsome Mackay.

Dhoruba hizo bado zipo. Ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na lina upepo wake lenyewe. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Wavuvi wa tanga wamepangia maisha yao hapo: wanatoka na upepo wa alfajiri, wanarudi na upepo wa mchana. Kati ya hizo mbili hutokea upepo wa ghafla ambao hauna adabu. Ndiyo maana kwenye mtumbwi wa tanga, hata lile lililoshonwa kwa viroba, kuna sheria moja: demani haifungwi. Unaizungusha mara moja kwenye mti wa kukalia au kwenye kigingi, ncha inabaki mkononi. Upepo ukija kwa hasira unafungua vidole. Aliyefunga fundo anatafuta kisu wakati mtumbwi umeshalala.

Mzunguko ule mmoja kwenye mti niliuona miaka mingi bila kuelewa kwamba ni mashine. Mwanahisabati Leonhard Euler aliuandikia kanuni katika karne ya 18. Ukichukulia msuguano wa kawaida wa kamba na mbao, mzunguko mmoja mzima unafanya nguvu ya kilo 5 mkononi ishike mzigo wa kilo 30 hivi. Mizunguko miwili, mzigo unazidi mara nyingi zaidi. Mvuvi wa Ukara au Ukerewe hajapata kumsikia Euler, na Euler hajapata kushika demani, lakini wanajuana.

Kwa hiyo demani ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kuvuta na kushika. Kwenye kushika, msuguano ni rafiki. Kwenye kuvuta ni adui, na hapo ndipo kapi inapoingia.

Jahazi la pwani linatumia kapi hasa kwa kupandishia foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Kuna gofia, kapi nene ya mbao iliyochongwa kwa mkono, na ndani yake mna roda, gurudumu linalopitisha kamba. Roda ni neno la Kireno, wametuachia hilo pamoja na meza na leso. Fundi mmoja, mti mmoja mgumu, siku kadhaa, kapi moja. Ulaya nako ilikuwa hivyohivyo hadi Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilipochoka. Manowari moja kubwa ilihitaji karibu kapi 1,000, na jeshi zima kapi 100,000 kwa mwaka. Marc Brunel akabuni mashine za kuzitengeneza, Henry Maudslay akaziunda, zikafungwa Portsmouth: mashine 45 kwa jumla. Mwaka 1808 zilitoa kapi 130,000, na watu 10 wakafanya kazi iliyohitaji 110. Wanahistoria wa viwanda huitaja kama mfano wa mwanzo kabisa wa kutengeneza kitu kwa wingi kwa mashine za chuma. Tunafikiri ilianza na bunduki au magari, kumbe kwenye mstari wa mbele ilikuwepo kapi. Miaka 66 baadaye manowari ya zamani HMS London ilitia nanga Zanzibar kuwinda majahazi ya watumwa. Pale bandarini, kapi za kiwandani zilikaa jirani na gofia za kuchonga.

Badiliko kubwa lililofuata lilitoka Wisconsin, Marekani, miaka ya 1960. Peter Harken aliona kwamba vijipira vya plastiki vinaruka juu na kuviringika vyepesi kuliko vya chuma, akaviweka ndani ya kapi za mashua ndogo. Vyepesi, havishiki kutu, havihitaji grisi. Yeye na ndugu yake Olaf wakajenga kampuni kwa wazo hilo. Ikaja pia kapi ya meno: ukivuta kamba, roda inazunguka, ukisimama, roda inajifunga, na kamba inakwaruza kwenye kingo zake ili mkono upumzike. Umeshaona ni nini? Ni ule mzunguko wa kwenye mti wa kukalia. Wameutoa kwenye mbao, wameutia kwenye kapi, wameuwekea bei ya dola.

Katamarani inavihitaji hivyo kuliko ngalawa. Tanga la ngalawa halina mti chini, linajaa na kujikunja kama kanga kwenye kamba ya kuanikia, na demani yake inavutwa moja kwa moja. Tanga la katamarani lina fito ndefu ndani zinazolifanya ligumu, na chombo chenyewe hakilali upande kirahisi ili kuupunguza upepo. Hobie 16, ile ya Hobie Alter wa California iliyosambaa duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina urefu wa mita 5 na kidogo na uzito wa kilo 145 hivi, mzigo wa watu wanne kunyanyua. Demani yake inavuta kwenda chini zaidi kuliko kwenda ndani, kuukaza ukingo wa nyuma wa tanga. Mkono mtupu hauwezi. Ndiyo maana huwekwa kapi za kupitisha kamba mara 5, mara 6, hata mara 8.

Hapa rafiki yangu alitaka mara 8, kwa hesabu ya duka: kubwa ni bora. Nikamfanyia hesabu nyingine. Kapi za mara 6, ukisahau msuguano, zinaufanya mzigo wa kilo 120 uwe kilo 20 mkononi. Lakini kila roda inakula chake. Tuseme kapi ni za bei poa, za pini tupu, na kila roda inakula sehemu moja ya kumi: ile mara 6 inabaki kati ya 4 na 5. Tuseme ni za vijipira na kila roda inakula asilimia 3: inabaki zaidi ya 5. Halafu kuna urefu. Kwa mara 6, kulivuta tanga mita 1 unakusanya mita 6 za kamba. Kwa mara 8 ni mita 8, na upepo wa ghafla ukija mita hizo nane zote zinapaswa kutoka, kupita kwenye roda zote, upesi. Kapi nzito za kukwama zinageuka fundo ambalo hukulifunga. Bora mara 6 zinazoteleza kuliko mara 8 zinazong'ang'ania.

Sasa kamba yenyewe. Hapa ndipo nilipokasirika.

Neno mkonge ni kongwe kuliko mashamba ya Tanga. Watu wa pwani waliliita hivyo jimea la porini lenye majani ya upanga, na walilitoa nyuzi kabla ya mzungu yeyote kulima hekta moja. Huu mkonge wa biashara ulitoka Mexico. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf, wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alileta miche kutoka Florida. Iliagizwa 1,000, ikafika Pangani hai 62. Kutoka hiyo 62 nchi ikawa shamba. Kamba bora ya meli duniani wakati huo ilikuwa bado manila, ya abaka, kwa sababu inavumilia chumvi. Katani ilikuwa ya kufungia majani na ngano kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani.

Mapema 1942 Wajapani walizichukua Ufilipino na Java. Abaka ya washirika ikakatika, na mkonge wa Java nao. Ghafla kamba za meli za Uingereza na Marekani zikawa zinaitazama Tanganyika. Serikali ya kikoloni ikaruhusu watu kukamatwa kwa amri kwenda kukata mkonge, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuajiri iliyoitwa SILABU. Manamba, kama walivyoitwa, walisombwa kutoka kila pembe, Unyamwezi na Usukuma zikiwemo. Ukimkuta mzee wa huku mwenye jina la Tanga au Korogwe kwenye hadithi za baba yake, mara nyingi sababu ni hiyo. Babu zetu waliondoka kwenye ziwa lenye matanga kwenda kukata nyuzi za kamba za manowari za watu wengine.

Mwaka wa 1964 nchi ilitoa tani zaidi ya 230,000, ya kwanza duniani. Ndiyo ilikuwa kilele. Miaka kumi nyuma, mwaka 1954, Giulio Natta wa Milano alikuwa ametengeneza polipropilini, na katikati ya miaka ya 1960 kamba zake zikaanza kuingia kwenye mashamba yaleyale yaliyonunua katani. Bei ikaporomoka. Azimio la Arusha likaja 1967 na serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba, yaani ikachukua ng'ombe siku ambayo maziwa yameanza kukauka. Kufikia mwisho wa karne tulikuwa tunatoa karibu tani 20,000. Watu hubishana kama ni Azimio au ni plastiki. Nadhani plastiki ingetuumiza hata kama mashamba yangebaki kwa Wagiriki na Waingereza, ila usimamizi mbovu ulihakikisha hatuinuki. Na tangu enzi za Hindorf kosa lilikuwa lilelile: tulisafirisha nyuzi, kamba wakasokota wengine.

Ndiyo hiyo polipropilini inayouzwa Mwaloni kwa jina la manila. Kwa mvuvi ina sifa moja kubwa, inaelea. Kwa demani ni mbaya: inateleza, inakunja vidole, na jua la ikweta linaila hadi inatoa unga. Nailoni, iliyozaliwa kwenye maabara ya DuPont mwaka 1935, ni nzuri kwa nanga kwa sababu inanyumbulika, na kwa demani haifai kwa sababu hiyohiyo. Unavuta, kamba inarefuka, tanga limekaa palepale. Katani, samahani wazalendo wenzangu, inavimba ikilowa na inakwama kwenye kapi za vijipira.

Iliyobaki ni poliesta, kazi ya Whinfield na Dickson, Waingereza, 1941. Hairefuki ovyo na jua inalivumilia. Nilimwambia rafiki yangu atafute ya kusukwa, siyo ya kusokotwa, maana ya kusokotwa hujipinda ikipita kwenye kapi nyingi hadi makapi yenyewe yanageukiana. Unene milimita 9 au 10. Nyembamba zaidi ingebeba mzigo bila shida, lakini mkono haubebi. Baada ya saa moja ya kubisha utaisikia kwenye mfupa. Dyneema, ile nyuzi ya Waholanzi iliyoanza kutengenezwa kibiashara mwaka 1990, ina nguvu za ajabu na karibu hairefuki kabisa, ila kwenye demani ya mara 6 mzigo umeshagawanywa sita. Hela hiyo aiweke kwenye kapi ya meno.

Akaniuliza kibano cha kufungia kamba akiweke au asiweke. Aweke kile kinachofunguka kwa kuinua mkono tu, na upepo ukianza kuchafuka asikitumie.

Kamba ameagiza Dar, mita 20. Henza na jarari za kupandishia tanga bado zile za zamani, na zina kesi yao na mlingoti. Hizo siku nyingine.